Yule tenori aliyeimba na Callas

Kila anayeanza kupenda opera hukutana mapema na filamu moja ya nyeusi na nyeupe. Ilipigwa usiku wa tarehe 19 Desemba 1958 katika Palais Garnier, jumba kuu la opera la Paris. Maria Callas, mwimbaji mashuhuri wa soprano, yaani sauti ya juu ya kike, alikuwa anaimba humo kwa mara ya kwanza. Rais René Coty alikuwepo ukumbini, televisheni ilirusha moja kwa moja katika nchi kadhaa za Ulaya, na mapato yalikwenda kwenye kazi za hisani za nishani ya Légion d'honneur. Mwaka ule Callas alikuwa amepita kwenye misukosuko mizito. Mwezi Januari, huko Roma, alikatisha opera ya Norma baada ya tendo la kwanza, mbele ya rais wa Italia. Mwezi Novemba Rudolf Bing, meneja wa jumba la opera la Metropolitan la New York, alimvunjia mkataba. Kwa hiyo usiku ule macho yote yalikuwa kwake.

Baada ya mapumziko pazia lilifunguka kwa tendo la pili la Tosca ya Puccini, likiigizwa kamili na mavazi yake. Callas ndiye Tosca, na Tito Gobbi ndiye Scarpia, mkuu wa polisi wa Roma. Yupo pia mwanaume mmoja, mchoraji Cavaradossi, mpenzi wa Tosca, anayeletwa kuhojiwa. Anakataa kusema. Anapelekwa chumba cha pili kuteswa, na sisi tunasikia vilio vyake tu. Anarudishwa akiburutwa, amelegea, hana hata nguvu ya kukaa wima. Mara anaingia askari na habari kwamba Napoleon ameshinda vita pale Marengo. Mtu aliyekuwa kama maiti anainuka na kupaza sauti: "Vittoria! Vittoria!" Noti ile iko juu kabisa, na anaishikilia mpaka unasahau kwamba muda mfupi uliopita alikuwa anakufa. Baada ya hapo wanamkokota nje, na kamera inarudi kwa Callas.

Niliporudia filamu hiyo mara ya nne au ya tano, nilikuwa namfuata huyo Cavaradossi. Nimeimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa kwa miaka mingi, na aliyezoea sauti ya tatu masikio yake humtafuta tenori kabla ya mwingine yeyote. Jina lilisema Albert Lance. Nikadhani ni Mfaransa, na watu wengi hudhani hivyo. Kumbe alitoka Australia, na ukianza kufuatilia alifikaje pale, unakuta unafungua fundo kubwa zaidi ya maisha ya mtu mmoja: namna opera ilivyokuwa ikiendeshwa zamani, kwa lugha gani, na kwa nini mtu aliyekuwa tenori mkubwa wa Paris kwa zaidi ya miaka kumi hajulikani leo isipokuwa kwa dakika hizo chache kando ya Callas.

Jina lake la kuzaliwa ni Lancelot Albert Ingram. Alizaliwa Australia Kusini tarehe 12 Julai 1925, akasomea uimbaji Adelaide, na kule kwao alijulikana jukwaani kama Lance Ingram. Mwaka 1950 aliimba opera Melbourne kwa mara ya kwanza, na uhusika wake wa kwanza ulikuwa ni huyohuyo Cavaradossi. Kwa hesabu ya leo tungesema kijana ametoka. Ana miaka 25, ameshika uhusika mkubwa katika opera inayopendwa, sauti anayo. Lakini baada ya hapo alizunguka Australia kwa miaka miwili akiimba kwenye maonyesho ya mchanganyiko, yale ambayo usiku mmoja una wachekeshaji, wacheza dansi, mazingaombwe na mwimbaji mmoja wa kupambia.

Sababu yake si uvivu wala kukosa kipaji. Australia ya wakati ule ilikuwa na waimbaji wengi kuliko kazi za kuimba. Hapakuwa na kampuni ya kudumu ya opera ya taifa inayolipa mshahara mwaka mzima. Kulikuwa na vikundi vya miji vilivyoandaa msimu mfupi na kutawanyika, na wageni waliokuja na meli kisha wakaondoka. Taasisi ya Elizabethan Theatre Trust, iliyokuja kuzaa kampuni ya opera ya taifa, iliundwa mwaka 1954, na msimu wa kwanza wa kampuni hiyo ulikuwa 1956. Jumba la Opera la Sydney, lile lenye mapaa kama matanga, halikufunguliwa mpaka 1973. Katikati ya pengo hilo mwimbaji alikuwa na njia mbili: kubaki na kuchanganya opera na kazi nyingine yoyote, au kupanda meli na kukaa baharini wiki kadhaa mpaka Ulaya.

Njia ya meli ilikuwa imeshakanyagwa. Nellie Melba, ambaye jina lake la jukwaani alilikata kutoka Melbourne, alikwenda Paris kusoma kwa Mathilde Marchesi na akawa mmoja wa masoprano mashuhuri wa dunia. Marjorie Lawrence aliimba Opera ya Paris kuanzia 1933. Joan Sutherland wa Sydney, mdogo kwa Lance kwa mwaka mmoja, alikwenda London, na opera ya Lucia aliyoimba Covent Garden, jumba la opera la mji huo, mwaka 1959 ikampandisha juu. Wanawake hawa watatu wanatajwa kila mahali. Matenori wa Australia waliopita njia hiyohiyo hutajwa kwa nadra, na hilo lina sababu zake, tutazifikia.

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alizuru Australia, na Lance Ingram akaimba mbele yake Melbourne katika Hadithi za Hoffmann ya Offenbach. Anayejua uhusika huo anajua maana yake. Hoffmann hatoki jukwaani. Anaanza kilabuni akiwa amelewa, anasimulia mapenzi yake matatu, na kila penzi ni tendo zima: la kwanza kwa mwanasesere anayedhani ni msichana, la pili kwa binti ambaye akiimba atakufa, la tatu kwa mwanamke anayemwibia kivuli chake cha kiooni. Wanawake wanabadilika, yeye yuleyule anaimba mpaka mwisho. Tenori anayemaliza Hoffmann akiwa bado na sauti ameonyesha kwamba ana pumzi na ana akili ya kuigawa.

Mwalimu wa sauti Mfaransa, Dominique Modesti, alimsikia na kumwita Paris akasome zaidi. Akaenda, akiwa na umri wa kukaribia miaka 30, kuketi tena kwenye benchi la mwanafunzi.

Hapa inabidi nieleze alichokwenda kujifunza, maana watu husema "alikuwa na sauti nzuri" kana kwamba jambo limekwisha.

Sisi wa kwaya tunagawa sauti nne. Ya tatu ni tenori, ya nne ni besi. Lakini tenori wa kwaya hupanda kidogo, tena mwenzake yuko pembeni kumficha, na siku hizi kuna kipaza sauti. Tenori wa opera yuko peke yake, mbele ya orkesta ya watu sitini au themanini, ndani ya ukumbi wa watu karibu 2,000 kama Palais Garnier, bila kipaza sauti chochote. Mwanaume anapozungumza kawaida, nyuzi zake za sauti hugongana takriban mara 110 hadi 130 kwa sekunde. Kwenye la iliyo juu ya do ya kati zinagongana mara 440. Kwenye do ya juu, ile inayosubiriwa na kila mtu katika wimbo wa tenori wa tendo la tatu la Faust, opera ya Gounod, zinagongana takriban mara 523. (Kwa wenzangu wa solfa: do hii haihami na ufunguo. Ni noti ileile moja ya kinanda siku zote.)

Kufika huko kwa kupiga kelele kunawezekana mara moja mbili, kisha koo linakwisha. Kati ya mi na fa diyezi (fa iliyopandishwa nusu) hivi kuna mahali ambapo sauti ya mwanaume inataka kuvunjika, ile sehemu ambayo mvulana wa kwaya akifika hapo sauti inaruka na wenzake wanacheka. Kazi ya miaka ya mafunzo ni kujenga daraja mahali hapo, ili msikilizaji asijue umevuka lini. Jambo la pili ni mng'aro. Nguvu ya orkesta imejaa zaidi katika mawimbi ya chini, na hupungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji aliyefundishwa vizuri hupanga koo na kinywa chake hivi kwamba sauti inakuwa na nguvu ya ziada karibu na mawimbi 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo orkesta ni hafifu na sikio la binadamu ni kali. Hivyo ndivyo mtu mmoja anavyosikika juu ya wapiga ala themanini. Yeye hawazidi kwa ukubwa wa sauti. Anapita mahali ambapo wao hawapo.

Kisha kuna irabu, na hapa Mswahili ana faida ya kuelewa haraka. Irabu zetu ni tano na hazitembei: a ni a mwanzo mpaka mwisho. Kitaliano kiko karibu na hivyo, ndiyo maana waimbaji hukipenda. Kiingereza irabu zake zinateleza, na Kiingereza cha Australia zinateleza zaidi. Neno lao la "siku", day, linaanza karibu na a na kuishia kwenye i. Ukiimba noti ndefu kwa irabu inayoteleza, noti inageuka rangi mkononi mwako. Kwa hiyo kijana wa Australia anaanza kwa kufundishwa kushika irabu isitembee. Halafu anafika Paris na kukuta irabu za puani, ambazo Kitaliano hakina. Hewa ikienda puani, mng'aro ule niliousema unazimika. Mwimbaji wa Kifaransa lazima aonje ile pua kiasi cha neno kueleweka, lakini aache mlango wa kinywa wazi ili sauti isife. Wafaransa wenyewe wengi wanashindwa. Wakosoaji wao hawasamehe neno lililomezwa, na hadhira yao pia, kwa sababu kwao opera ni tamthilia kwanza.

Lance alipita mtihani huo. Sikiliza rekodi zake: sauti ni angavu, juu inafunguka bila kubana, na maneno unayasikia moja moja. Katikati ya miaka ya 1950 alisimama Opéra-Comique, jumba la pili la Paris, na uhusika aliopewa kuanzia ulikuwa, kwa mara nyingine, Cavaradossi. Muda si mrefu akapanda Palais Garnier kama Faust.

Ni Paris pia ndipo alipogeuza jina. Lance Ingram akawa Albert Lance: jina la kwanza likahamia mwisho, jina la katikati likatangulia, la ukoo likaachwa. Albert ni jina la kawaida kabisa Ufaransa, hutamkwa bila t. Na lance, kwa Kifaransa, ni mkuki. Sidhani mtu angeweza kumtungia tenori jina bora. Mfaransa aliyelisoma kwenye bango hakuwa na sababu ya kuuliza huyu katoka wapi.

Jumba lenye watu wake

Ili uelewe alikuwa nani Paris, inabidi usahau opera ya leo. Leo jumba kubwa huajiri waimbaji kwa onyesho moja moja. Soprano anatua kutoka Vienna, tenori anatua kutoka New York, wanafanya mazoezi wiki kadhaa, wanaimba mara sita au nane, wanaondoka. Opera ileile inaimbwa kwa lugha iliyotungiwa, na tafsiri inapita juu ya jukwaa kwa maandishi ya taa.

Paris ya miaka ya 1950 haikuwa hivyo. Palais Garnier na Opéra-Comique yalikuwa chini ya taasisi moja ya serikali iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na taasisi hiyo ilikuwa na kundi la kudumu. Waimbaji walikuwa waajiriwa. Opera zilizunguka: leo Faust, kesho nyingine, wiki ijayo Faust tena. Mwimbaji wa kundi alipaswa kuwa na uhusika mwingi kichwani, tayari kuitwa. Lance alikuwa anahama kati ya Faust, Roméo, Werther na Don José upande wa Kifaransa, na Duke wa Mantua, Alfredo, Rodolfo, Pinkerton na Cavaradossi upande wa Kitaliano. Watu wa mji walimjua kama tunavyowajua waimbaji wa bendi ya mtaani kwetu: wamemsikia akiwa mzima na akiwa na mafua.

Na karibu vyote hivyo aliviimba kwa Kifaransa, hata vya Verdi na Puccini. Hilo ndilo linalowashangaza wengi leo, lakini lilikuwa kawaida karibu Ulaya yote. Wajerumani waliimba Verdi kwa Kijerumani, London ilikuwa na jumba zima la kuimba kwa Kiingereza. Hadhira ilitaka kuelewa Cavaradossi anasema nini.

Wanakwaya tunaijua faida hiyo na tunaijua bei yake. Nyimbo nyingi za vitabu vyetu vya tenzi zilizaliwa kwa Kijerumani au Kiingereza, zikapewa maneno ya Kiswahili juu ya tuni ileile. Kanisa zima linaimba na kuelewa, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini kuna mistari ambayo mkazo wa tuni unaangukia silabi isiyo yake, neno linavunjwa kiuno, na kuna noti ndefu ya juu ambayo mtunzi aliiweka kwenye irabu pana na mfasiri akaikalisha kwenye i. Tenori akifika hapo anajua. Cavaradossi wa Kifaransa yuko hivyohivyo. Noti zile Puccini alizipima kwa irabu za Kitaliano; ukiweka Kifaransa, koo linafanya kazi nyingine.

Sasa rudi kwenye usiku wa 1958. Callas na Gobbi hawakuimba kwa Kifaransa, waliimba Kitaliano. Lance, ambaye mjini hapo Cavaradossi wake alikuwa wa Kifaransa, alisimama nao kwa Kitaliano. Sehemu ya kwanza ya usiku aliimba na Callas pia kipande cha Il trovatore ya Verdi, ile sala ya wafu ambamo Manrico amefungwa mnarani na sauti yake inasikika kutoka mbali huku mpenzi wake Leonora akitetemeka chini. Callas aliletwa kama mgeni wa heshima, Gobbi pia. Tenori aliyewekwa kati yao hakuagizwa Milan. Alikuwa wa nyumbani. Kwangu mimi hilo linasema zaidi kuliko sifa yoyote: siku Paris ilipotaka kuonyesha Ulaya nzima uso wake, iliona inaye tenori wa kutosha, na alikuwa Mwaustralia.

Aliendelea vizuri baada ya hapo. Mwaka 1961 alikwenda San Francisco, na tarehe 18 Septemba akaimba katika onyesho la kwanza kabisa la Blood Moon ya Norman Dello Joio, opera kuhusu mwigizaji wa kike mwenye damu ya Kiafrika katika Marekani ya kusini ya karne ya 19 na mapenzi yasiyoruhusiwa. Soprano alikuwa Mary Costa. Opera hiyo haikuota mizizi na haikurudi jukwaani kwa kishindo, lakini ilimpa Lance nafasi ya kuimba kwa Kiingereza, lugha aliyonyonya. Aliimba pia Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1967 akachukua uraia wa Ufaransa.

Kilichomfanya afifie

Mtu anaweza kusema, basi alikuwa wa wastani, historia imechuja. Siamini, na nitaonyesha kwa mwaka mmoja tu.

Mwaka 1964 Callas alirekodi Carmen nzima Paris, chini ya kondakta Georges Prêtre. Don José alikuwa Nicolai Gedda, Msweden. Desemba mwaka huohuo Callas akaanza kurekodi Tosca, Paris tena, Prêtre tena, orkesta ya Paris, Gobbi yuleyule kama Scarpia. Cavaradossi akawa Carlo Bergonzi, Mwitaliano. Gedda na Bergonzi walikuwa waimbaji wakubwa, sina neno nao. Lakini tazama kilichotokea: santuri ilikuwa inatengenezwa kwa soko la dunia, na kwenye soko la dunia jina linalouza ni la mtu anayejulikana London, Milan na New York kwa wakati mmoja. Tenori wa kundi la Paris, anayeimba Jumanne na Ijumaa katika mji wake, hakuwa bidhaa ya namna hiyo.

Lance alirekodi, tena si kidogo. Ila rekodi zake nyingi za Puccini ni za Kifaransa, kama Tosca aliyoimba na Jane Rhodes na Gabriel Bacquier. Wakati zinatoka zilikuwa na wanunuzi. Miaka kumi au kumi na tano baadaye hakuna aliyetaka Tosca ya Kifaransa, maana kila mtu alikuwa ameshazoea kusikia opera kwa lugha yake ya asili. Ladha ilibadilika na ikazifunga rekodi hizo ndani ya wakati wake. Ni kama mwigizaji aliyefanya kazi yake yote kwenye redio ya lugha moja. Sauti ilifika mbali, lakini mpaka wa lugha ulikuwa mpaka wake.

Pigo kubwa lilikuwa la nyumba yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliamua kuipindua Opera ya Paris, ambayo kweli ilikuwa imechoka. Kundi la kudumu likavunjwa. Opéra-Comique ikafungwa kama jumba lenye wasanii wake mwaka 1972. Mwaka 1973 akaja Rolf Liebermann, Mswisi aliyeijenga Opera ya Hamburg, akaleta waongozaji mashuhuri, nyota wa kimataifa, lugha za asili. Maonyesho yake yalikuwa makubwa, na Paris ilirudi kwenye ramani. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini kizazi kizima cha waimbaji wa Ufaransa kiliondolewa mlangoni katika umri ambao sauti ina hekima yake yote, na pamoja nao ikaondoka namna ya kuimba Kifaransa ambayo ilikuwa inarithishwa ndani ya kundi, mdogo akimsikia mkubwa kila wiki. Leo majumba ya Ufaransa yanatafuta watu wa kuimba Werther kwa matamshi safi, na ukisikiliza mafunzo yao utasikia wakirudishwa kwenye santuri za enzi hiyo.

Mwaka huohuo wa 1973, mwezi Oktoba, Malkia Elizabeth II alifungua rasmi Jumba la Opera la Sydney. Malkia ni yuleyule aliyemsikia kijana Lance Ingram Melbourne miaka 19 nyuma. Kwao walikuwa wamepata jumba ambalo kama lingekuwepo mwaka 1950, pengine asingezunguka na wafanya mazingaombwe. Kwake Paris, kundi lililomlea lilikuwa limekwisha. Alikuwa na miaka 48.

Alikwenda Strasbourg, kwenye Opéra du Rhin, ambako bado kulikuwa na utaratibu wa kundi, akaimba huko mpaka baada ya katikati ya muongo ule. Kisha akawa mwalimu, Nice na baadaye Antibes, pwani ya kusini ya Ufaransa. Alifariki Antibes tarehe 15 Mei 2013, akiwa na miaka 87.

Ukitaka kumsikia vizuri usianze na filamu ya Callas. Anza na Werther aliyorekodi mwaka 1964, ule mwaka wa Gedda na Bergonzi, chini ya kondakta Jésus Etcheverry. Charlotte ni Rita Gorr wa Ubelgiji, Sophie ni Mady Mesplé, na mume ambaye Werther anamwonea wivu, aitwaye Albert, ni Gabriel Bacquier. Opera hii ya Massenet ina bahati ya kuhamahama. Iliimbwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1892, kwa Kijerumani, kwa kuwa Opéra-Comique ilikuwa imeungua mwaka 1887. Paris iliipata baadaye. Nenda tendo la tatu. Werther amerudi usiku wa Krismasi kwa mwanamke ambaye si wake tena, anamkuta na kitabu cha mashairi walichokuwa wakitafsiri pamoja, anakifungua na kuanza kusoma. Anauliza pumzi ya machipuko kwa nini inamwamsha. Kwa Kifaransa machipuko ni printemps, na neno hilo lina irabu mbili, zote za puani. Rudisha nyuma, sikiliza neno hilo moja. Pua unaisikia, na sauti haizimiki.